Usiongeze hiyo -I kwenye protoc, rekebisha import

Mkuu, subiri kabla hujabonyeza Enter. Umesema `malipo.proto` ina `import "types.proto"`, protoc (kompaila ya Protocol Buffers, inayogeuza faili za `.proto` kuwa msimbo) inakujibu `types.proto: File not found.`, na mtu amekushauri uongeze `-I proto/common`. Ukiongeza, kosa litaondoka. Hapo ndipo balaa linapoanza.

-I haisemi tu faili zitafutwe wapi. Ndiyo inayoamua faili inaitwaje. protoc hukata kipande cha njia kilichotajwa kwenye -I, na kinachobaki ndilo jina rasmi la faili, linalochapwa ndani ya msimbo unaozalishwa. Chukua `proto/common/types.proto`: ukiifikia kwa `-I proto` inaitwa `common/types.proto`, ukiifikia kwa `-I proto/common` inaitwa `types.proto`. Kwenye diski ni faili moja. Kwa protoc ni mbili, na zote zinadai `mauzo.common.Pesa`, aina ya data iliyofafanuliwa humo, ni yao.

Ukibahatika, majina yote mawili yanakutana ndani ya amri moja na kompaila inapiga kelele palepale: `"mauzo.common.Pesa" is already defined in file "types.proto".` Usipobahatika, msimbo wa malipo umezalishwa kwa amri yake, wa oda kwa amri nyingine, kila upande umepita majaribio yake bila doa. Kisha inakuja programu inayopakia zote mbili. Python inafia kwenye import na `Couldn't build proto file into descriptor pool: duplicate symbol`. Go inapiga panic kabla `main` haijaguswa. Kwenye C++ linka (inayounganisha vipande vya msimbo kuwa programu) inalalamika kwamba kitu kilekile kimefafanuliwa mara mbili. Na hakuna hata ujumbe mmoja kati ya hiyo unaotaja -I! Kwa hiyo mtu anashuku toleo la maktaba, anafuta kashe, anasakinisha kila kitu upya, anagombana na mwenzake aliyegusa Makefile mara ya mwisho.

Wanaosambaza ushauri wa "weka -I kwa kila folda" wangepewa zamu ya usiku ya kusoma hizo log. Wanapima jibu kwa kigezo kimoja tu: kosa limetoweka kwenye skrini. Hata kufungua faili iliyozalishwa hawafungui. Mtasema nina chuki binafsi na herufi I. Sikatai.

Halafu kuna ubaya wa pili wa -I nyingi: protoc hutafuta kwa mpangilio ulioziandika, na ya kwanza kupatikana ndiyo inayochukuliwa. Siku folda ya `malipo` nayo ikipata `types.proto` yake, `import "types.proto"` itachukua ya folda iliyotangulia kwenye amri, kimyakimya. Mtu akipanga -I kwa alfabeti ili ipendeze, maana ya msimbo imebadilika.

Kanuni ni hii: -I moja kwa kila mzizi (folda ya juu kabisa ya faili za `.proto`), na kila import iandikwe njia nzima kutoka kwenye mzizi huo. Hata faili mbili zikiwa folda moja. Import haihesabiwi kuanzia faili inayoita, na `..` hairuhusiwi ndani yake, kwa hiyo usijisumbue.

Futa kwanza msimbo wote wa zamani uliozalishwa, usibakize hata faili moja. Hamisha kila kitu chini ya `proto/mauzo/`, ili jina la mradi liwe sehemu ya jina la faili na lisigongane na `types.proto` ya mradi mwingine. Andika `import "mauzo/common/types.proto";` kisha:

`mkdir -p gen && protoc -I proto --python_out=gen $(find proto -name '*.proto')`

Njia za faili lazima zianze vilevile kama ulivyoandika -I. Usichanganye njia kamili inayoanzia `/` na njia fupi. Ujumbe wa kosa wa protoc wenyewe unakiri kuwa kompaila ni mjinga mno kutambua kuwa ni kitu kimoja. Na ukishaweka -I yoyote, folda uliyosimama haitafutwi tena mpaka uitaje kwa `-I .`

Faili za watu wengine zinapata -I yao, lakini ielekee kwenye mzizi wao: `-I third_party/googleapis`, si `-I third_party/googleapis/google/api`. `google/protobuf/timestamp.proto`, inayokuja na protoc yenyewe, haihitaji chochote ikiwa folda ya `include` iliyokuja kwenye zip ya protoc iko jirani na `bin`. Wengi hunakili `bin/protoc` peke yake kisha wanashangaa.

Ukimaliza fungua `malipo_pb2.py` utazame juu. Ukiona `from mauzo.common import types_pb2`, sawa. Ukiona `import types_pb2` tupu, kuna faili bado ina import fupi na -I ya ziada imejificha kwenye skripti fulani. Itafute uifute, wala usianze kurekebisha mistari hiyo kwa `sed`.