Programu zisipotee ukizima kompyuta

Wiki hii maswali yote ni ya Tiny Core Linux, mfumo mdogo unaofufua kompyuta kuukuu.

Assalaam aleikum mwalimu. Nina stashenari hapa Wete. Napakua programu, inafanya kazi, nikizima na kuwasha tena haipo. Bando linaishia hivyo hivyo.

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mfumo huu ukiwaka hukaa wote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika ukizima. Usipouonesha diski ya kuwekea vifurushi vya programu, huviweka kwenye folda ya /tmp/tce, na ukizima vinakwenda navyo. Hakikisha kwa kuandika:

ls -l /etc/sysconfig/tcedir

Ukiona inaelekea /tmp/tce, tatizo ndilo hilo. Kwenye mstari wa kuwashia (boot line, maagizo yanayosomwa kompyuta inapoanza kuwaka) ongeza tce=sda1 (au jina la sehemu ya diski yako), uwashe upya, kisha tce-load -wi na jina la programu. Herufi w hupakua, i husimika. Faili la .tcz, ambalo ndilo kifurushi chenyewe, litakaa folda ya tce/optional na jina lake litaingia onboot.lst, orodha inayosomwa kila kompyuta inapowaka. Hutapakua tena.

Mimi ni mwalimu wa skuli, Chake Chake. Programu zinabaki, ila mitihani niliyochapa hupotea umeme ukikatika.

Pole sana mwalimu, kazi ya kuchapa mtihani upya naijua uzito wake. Kazi zako hazimo kwenye .tcz. Folda za /home na /opt huhifadhiwa kwenye faili la akiba, mydata.tgz, na kawaida hilo hufanyika unapozima kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, hakijahifadhiwa kitu. Kwa hiyo kila ukimaliza ukurasa andika filetool.sh -b, amri ya kuhifadhi papo hapo. Bora zaidi, mitihani iweke moja kwa moja kwenye diski, chini ya /mnt/sda1. Video usiziache /home kabisa: mydata.tgz hufunguliwa yote kwenye RAM kila unapowasha, na mashine itakuwa nzito.

Naweza kupakua mjini nikapeleka Makunduchi kusiko na intaneti?

Unaweza, na ndivyo ninavyoshauri. Nakili .tcz pamoja na .dep (orodha ya vifurushi inavyovitegemea) na .md5.txt (ya kuhakiki faili) zake, na vifurushi vyote vilivyotajwa ndani ya .dep, pamoja na vile vinavyotajwa kwenye .dep zao, kimoja kikikosekana programu huenda isifunguke. Toleo la mfumo liwe lile lile, biti 32 kwa biti 32, biti 64 kwa biti 64. Huko, viweke tce/optional na uandike jina la programu kwenye onboot.lst.

Nimeongeza kifurushi, sasa kompyuta haimalizi kuwaka.

Kwenye mstari wa kuwashia andika base. Itawaka bila vifurushi. Fungua diski, futa jina hilo kwenye onboot.lst, washa upya.