Maswali Yenu: Siku moja katika makumbusho ya sinema ya India

SWALI: Mwezi ujao nampeleka mama Mumbai kwa matibabu, na nitapata siku moja ya kupumzika. Filamu za Kihindi nimezitazama tangu utotoni hapa Kisumu, na natamani kuyaona makumbusho ya taifa ya sinema yao. Nianzie wapi? – Mpenzi wa filamu, Kondele

JIBU: Tunamtakia mama afueni. Chagua siku kwa uangalifu, maana Jumatatu hufungwa. Siku nyingine hufunguliwa saa 5 asubuhi hadi saa 12 jioni. Yako barabara ya Pedder, na kati ya Juni na Septemba mwavuli usikose, mvua ya huko haina mchezo.

Utakuta majengo 2. Wageni wengi hukimbilia jipya, lililozinduliwa mwaka 2019, kwa sababu lina orofa 4 na vitu vya kubonyeza. Wakitoka humo wamechoka. Wewe anza na Gulshan Mahal, jumba la karne ya 19, ambako historia imepangwa kwa mfuatano wa miaka, kuanzia maonyesho ya ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema kutoka Ufaransa, mjini Mumbai Julai 1896. Litengee muda wa saa 2 hivi.

Ukikuta mkanda wa filamu wenye upana wa milimita 35, usiupite. Kila picha ina matundu 4 kila upande. Picha ikijaza nafasi yote kati ya matundu, huo kwa kawaida ni wa sinema bubu; ukiona mstari mwembamba kando ya picha, hiyo ndiyo njia ya sauti. Na watu wa sinema bubu wakionekana kama wanakimbizwa, tatizo ni kasi. Filamu nyingi za mwanzo zilipigwa kwa picha 16 hivi kwa sekunde, kwa kuzungusha mpini wa kamera kwa mkono. Mkanda wa futi 1,000 una picha 16,000: kwa kasi hiyo ni karibu dakika 17, lakini ukionyeshwa kwa picha 24, kasi ya filamu zenye sauti, unaisha kwa dakika 11.

Usihangaike kuitafuta Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ya Machi 1931. Hakuna nakala yake inayojulikana kubaki. Utaridhika na picha za mnato. Mikanda ya naitreti, aina ya plastiki ya enzi hizo, ilishika moto upesi na kuoza ndani ya mkebe, na mingi iliyeyushwa makusudi ili kutoa madini ya fedha yaliyomo.