Skrini ya watoto isiyoguswa: anza na kivuli

Msomaji wa Mwanza ameniandikia akiuliza anunue kamera gani. Shule yao imepata skrini kubwa ya ukutani, na wanataka watoto waichezee kwa kupunga mikono, bila kuigusa. Tangu onyesho letu la viumbe wa baharini, lenye skrini kama hiyo, lifunguliwe Dar es Salaam mwezi uliopita, wanaoniuliza habari za kamera ni wengi. Ndugu zangu, kamera ni jambo la mwisho.

La kwanza ni mtoto ajue kwamba skrini inamwona. Mtu mzima akikuta skrini kubwa anadhani ni tangazo, anapita zake. Mtoto anaikimbilia aiguse, maana ndivyo simu ya mama ilivyomzoesha. Sisi hatukuweka maelekezo ya kusoma. Akifika tu mbele, kivuli chake kinatokea katikati ya samaki na kumfuata papo hapo. Akiruka, nacho kinaruka. Changu wanatawanyika, pweza anajificha. Siku ya ufunguzi watoto wa darasa la awali walishikana mikono wakafanya kivuli kimoja kirefu, wakamzingira kasa. Mchezo ule waliutunga wenyewe, hapo hapo, na sijawahi kujivunia kazi yangu kama siku ile.

Wazo lenyewe ni la zamani. Msanii wa kompyuta Mmarekani, Myron Krueger, alilitumia katika Videoplace, onyesho lake la kuchezea kwa kivuli, tangu miaka ya 1970. Nililipeleka kwa mteja mmoja zamani kidogo, akalikataa. Alitaka picha ya kiganja itembee kwenye skrini, na vitufe ambavyo mtoto anavielekezea mkono na kuutuliza hewani mpaka vijibu. Mikono ikachoka, watoto wakaondoka. Akasema mbele ya wenzangu kwamba watoto wa huku hawajazoea teknolojia. Neno lile linaniuma hadi leo. Watoto wale wale, kivuli wangekichezea mpaka waitwe kula.

Halafu angalieni ishara zenyewe. Mtoto wetu anamwita mwenzake kwa kiganja kilichoelekea chini, na programu iliyotungwa kwingine inaweza kudhani anasukuma kitu chini. Darasani, akitaka kujibu swali, ananyoosha kidole juu. Hiyo ndiyo tunayoitumia kuanzisha mchezo, kwa kuwa kila mwanafunzi anaijua. Ikubalike kwa mkono wowote, na kwa yote miwili pia.

Pa kusimama, pakeni rangi nyayo sakafuni, mita mbili hivi kutoka ukutani. Msitandike mkeka: watoto wakiuona wanavua viatu na kuketi.

Wabunifu wenzangu, pigeni magoti mbele ya skrini zenu! Mtoto wa miaka mitano ana kimo cha yapata sentimita 110. Kitu ulichokiweka usawa wa macho yako, yeye hakifikii hata akinyoosha mkono. Na hatakuja peke yake. Kinect, kamera ya Microsoft ya kuchezea michezo kwa mwili, ile ya kwanza iliyotoka 2010, ilifuata viungo vya watu wawili tu. Iliyofuata ilifika sita. Darasa zima likiingia kwa mpigo, hesabu hiyo inakwisha mara moja. Ongeza kanzu na baibui zinazoficha miguu, na mdogo aliyebebwa mgongoni na dada yake, mashine inawahesabu wawili kama mmoja. Kivuli hakihitaji kujua goti la nani liko wapi. Ndiyo maana narudia: anzeni na kivuli.

Sasa kamera. Kinect msiitafute hata ya mtumba. Microsoft iliacha kuitengeneza 2017. Kamera ya kawaida ya kompyuta inatosha kwa kivuli, mradi ukuta wa nyuma ya watoto uwe wa rangi moja na mwanga usibadilikebadilike. Mkihitaji viungo vya mwili, MediaPipe, programu ya Google, inasoma alama 33 za mwili kwa kamera hiyo hiyo. Mkiamua kununua kamera ya kupima umbali kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwanza kaeni chumbani saa kumi jioni mwone jua linapoingilia, kwa kuwa jua nalo limejaa mwanga huo na kamera hupofuka. Pazia zito la dirisha la magharibi linunuliwe kabla ya kamera.