Kabla Hujanunua Kinanda: Vifaa vya Kuanzia Muziki wa Kielektroniki Nyumbani

Kinanda changu cha kwanza hakikutoa sauti. Nilichomeka waya wa USB kwenye laptopu, taa zikawaka, nikabonyeza nota ya kwanza: kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi: kimya. Kwa siku mbili niliamini nimeuziwa kitu kibovu, kumbe kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa. Kilikuwa kinanda cha MIDI, na kinanda cha namna hiyo hakina sauti ndani yake. Kinachopeleka kwenye kompyuta ni taarifa tu: nota ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani katika kipimo cha 0 hadi 127, na imeachiwa lini. Sauti yenyewe inazaliwa kwenye programu. Hakuna aliyekuwa amenieleza, ndiyo maana naanza na hilo.

Ukishalielewa, orodha ya manunuzi inapungua yenyewe. Kompyuta uliyo nayo huenda inatosha. Ikiwa na RAM ya GB 8 utafanya mengi kabla haijalemewa. Programu za kutungia na kurekodi muziki usizinunue kwanza. LMMS ni ya bure, GarageBand haina malipo kwenye Mac, na REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Vinanda vingi vya MIDI huja na Ableton Live Lite, kwa hiyo angalia kwenye boksi kabla hujalipia kitu. Sauti za sinthesaiza, yaani ala inayotengeneza sauti kielektroniki, utazipata kwa programu za Vital na Surge XT. Vital ina toleo la bure, Surge XT ni ya bure kabisa, na zinaweza kukuweka na kazi mwaka mzima. Chagua programu moja ukae nayo. Kuhamahama ndiko kunakomchelewesha mtu.

Pesa ya kwanza iende kwenye hedifoni. Hapa nasisitiza, kwa sababu nilifanya kinyume na nikapoteza miezi. Nilikuwa nachanganya nyimbo zangu, yaani kupima kila sauti iwe kubwa kiasi gani, kwa spika za laptopu. Besi nilikuwa naisikia kwa mbali, nikaipandisha; bado ikawa hafifu, nikaipandisha tena. Siku moja nikaucheza wimbo ule kwenye gari la rafiki yangu. Milango ilitetemeka, ngoma ikamezwa yote, sauti ya mwimbaji haikusikika. Wimbo haukubadilika njiani. Spika ndogo za laptopu haziwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi iko karibu Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na besi za muziki wa kielektroniki mara nyingi hukaa karibu na hapo. Nilikuwa napika bila kuonja.

Tafuta hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Za Bluetooth ni nzuri kwa kusikiliza, si kwa kupiga, kwani sauti inachelewa kufika na kidole kinapotea kwenye mapigo. Kama utarekodi sauti ya mtu, chukua zilizofungwa nyuma ili mlio usivuje ukaingia kwenye maiki. Na usome namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, kabla ya kulipa: modeli moja, kama DT 770 ya Beyerdynamic, huuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ile ya 250 ukiichomeka moja kwa moja kwenye laptopu huenda ukaona sauti ni ndogo, kwa sababu inahitaji kifaa chenye msukumo mkubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo kinanda. Vitufe 25 vinatosha kwa anayetunga ngoma na besi, kwa kuwa kuna vibonye vya kupanda na kushuka oktavu. Ukipenda kupiga kwa mikono miwili, nenda kwenye 49. La muhimu zaidi ni mguso: bonyeza kitufe kimoja polepole mara kumi, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Kama sauti inaruka kutoka ndogo hadi kubwa bila kupita katikati, hicho kitakuchosha.

Ukibonyeza ukasikia sauti imechelewa, usikimbilie kununua. Fungua mipangilio ya sauti ya programu utafute bafa (buffer), yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kwanza kabla ya kukitoa. Ikiwa kwenye sampuli 1024, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa peke yake inachelewesha kama milisekunde 23. Ikishuka hadi 128 inakuwa kama 3. Kwenye Windows, hakikisha unatumia dreva ya ASIO, programu ndogo inayopitisha sauti bila kuichelewesha sana. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Nakumbuka jioni niliyoshusha bafa kwa mara ya kwanza, kidole na ngoma vikagonga pamoja. Nilipiga biti lile lile mpaka usiku wa manane.

Intafesi ya sauti, kifaa cha kuunganisha maiki au ala na kompyuta, ngoja mpaka utake kurekodi sauti ya mtu au ala. Siku hiyo ikifika, moja yenye njia mbili za kuingizia inatosha, mradi iwe na umeme wa volti 48 unaohitajika na maiki nyingi za kondensa, aina ya maiki zisizofanya kazi bila umeme. Spika za studio nazo zingoje. Chumba kidogo chenye kuta tupu huongeza baadhi ya nota za besi na kumeza nyingine, na spika ya bei kubwa haitaurekebisha ukuta.

Vifaa vilivyotumika usividharau. TB-303 ya Roland, mashine ya kupiga besi iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuuzika vizuri, ikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana wa Chicago waliipata kwa bei rahisi, wakazungusha vifundo vyake huku inacheza, na muziki wa acid house ukatoka humo. Ila ukienda kukagua, bonyeza kila kitufe bila kuruka hata kimoja. Zungusha kila kifundo ukiwa umevaa hedifoni, usikilize kama kinakwaruza. Tikisa waya taratibu pale unapoingia: taa zikizimika na kuwaka, tundu limelegea. Na kama kilikuja na programu, muulize muuzaji kama leseni inaweza kuhamishwa.

La mwisho: kitu ambacho ningekinunua hata kabla ya kinanda ni diski ya nje ya kuhifadhia nakala za nyimbo. Laptopu yangu ilikufa nikiwa na nyimbo 11 ndani, mbili zikiwa zimebakiza kuchanganywa tu. Moja nimejaribu kuitunga upya mara tatu. Melodi naikumbuka yote, lakini ule mlio wa besi sijaupata tena.