Muulize fundi: Nimeongeza RAM na SSD, mbona mashine bado inajikokota?

Swali. Ndugu mafundi, nina sekretaria ndogo ya kuchapa na kufotokopi hapa Katindo, Goma. Mashine yangu ni ya mezani, prosesa Core i5-6500, ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya GB 500. Mwezi uliopita niliongezewa RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 480. Hadi leo kuwaka ni dakika nne, na Word inafunguka kwa kusuasua huku mteja amesimama. SSD naiona kama D, iko tupu. Tena RAM mpya imeandikwa 3200 lakini mashine inaonyesha 2133. Je, nimeuziwa vifaa bandia?

Jibu. Chanzo cha mashine kujikokota umekitaja mwenyewe: SSD ni D, na iko tupu. Windows ingali kwenye diski ya zamani, na SSD uliyoilipia imekuwa ghala lisilo na mzigo. Hakikisha hivi: bonyeza Ctrl, Maj (Shift) na Esc kwa pamoja, ingia Performance. Ukikuta Disque 0 (C:) imeandikwa HDD, yaani diski ya kuzunguka, na inagonga asilimia 100 huku prosesa haifiki hata 15, basi prosesa haina kosa, inangoja diski tu. Diski ya kuzunguka inapeleka kichwa chake huku na huku kutafuta kila faili. Kwa vifaili vidogo haipati zaidi ya mia hivi kwa sekunde, wakati SSD ya bei ndogo inapata maelfu. Na Windows inapowaka kazi yake kubwa ni vifaili vidogo.

Kuhamisha Windows nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, kutakusumbua, kwa sababu programu hiyo kwa kawaida inakataa kutoka diski kubwa kwenda ndogo, na 480 ni ndogo kuliko 500. Weka Windows upya. Andaa flashi ya GB 8 ya kusakinishia Windows, hifadhi kazi za wateja pembeni, na uwe na dereva ya printa (programu inayoiendesha) mkononi kabla hujaanza. Kisha zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua kasha na uchomoe kebo ya data ya diski ya zamani. Watu wanairuka hatua hii halafu wanajuta: diski mbili zikiwa zimechomekwa, Windows huweza kukaa kwenye SSD lakini ikaacha faili za kuwashia kwenye diski nyingine. Siku diski ile ikifa, SSD, ingawa ni nzima, haitaweza kuwasha mashine.

Kwenye usakinishaji chagua Personnalisé (Custom), futa vigawanyo vyote vya SSD, acha nafasi tupu moja, bonyeza Suivant (Next). Ukitumia toleo lile lile la Windows lililokuwa limeamilishwa, litajiamilisha lenyewe ukipata intaneti, maana leseni inautambua ubao mama. Ndipo urudishe kebo ya diski ya zamani na uitumie kuhifadhi kazi. Jua tu kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Kuhusu RAM, hujaibiwa. Kiwango rasmi cha prosesa hiyo kwa RAM ya aina ya DDR4 ni 2133, na kwenye ubao mama wa kawaida haizidi hapo hata ukiichomekea ya 3200. GB 4 na GB 8 zinaishi pamoja bila ugomvi, ila kwa kasi zaidi kila kipande kiwe kwenye chaneli (njia ya data) yake, A na B. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama ni chaneli moja au mbili.

Ukiwa umeshafungua kasha, tazama feni ya prosesa. Vumbi jeusi la lava la Goma ni kali kama mchanga, na katikati ya mapezi ya alumini linashikana mpaka hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Zuia feni kwa kidole isizunguke, sugua kwa brashi kavu ya rangi; usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Ukiing'oa, futa pasta ya joto ya zamani na uweke mpya kiasi cha punje ndogo ya njegere. Miguu ya plastiki ibonyezwe kwa mshazari, na kila mmoja usikie «tak». Mmoja usipoingia, joto linaweza kuruka hadi nyuzi 90 ndani ya dakika chache.

Swali. Nimefunga Ryzen 5 5600G na RAM mbili za GB 8, zote 3200, lakini naona 2400. Ni prosesa inayozuia, kama ya huyo ndugu? — Himbi

Jibu. Sivyo, yako inapokea 3200, ila haijaambiwa. Washa huku ukigongagonga Del uingie BIOS (mipangilio ya ubao mama), uwashe XMP, yaani kasi iliyoandikwa kwenye RAM, ambayo ubao mwingine unaiita DOCP, uhifadhi. Vipande vikae tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwako ni muhimu zaidi kwa kuwa sehemu ya picha iliyo ndani ya 5600G inakula RAM hiyo hiyo. Ikigoma kuwaka, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika tano, urudishe.

Swali. Programu za kusafisha kompyuta zinaongeza kasi?

Jibu. Hapana. Nyingi zinajipanga zenyewe kuwaka pamoja na Windows.

Swali. Umeme unakatika-katika. Ondilere (UPS, kifaa kinachotunza umeme) ya 650 VA inatosha kulinda SSD?

Jibu. Kwa kompyuta ya ofisi na skrini yake, inatosha: utapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Printa ya leza na mashine ya fotokopi usizichomeke humo. Zikipasha joto zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, ondilere inalia na kuzima kila kitu.