"Kompyuta inanizimia": dada kakosea au fundi ndo kakosea?

Dada mmoja mwenye steshenari yake Makorora, Tanga, kaniletea swali hili: "Mwalimu shikamoo. Kompyuta yangu ya kuchapia hii ni wiki ya pili inazima katikati ya kazi, nikamtumia fundi meseji, 'kompyuta inanizimia kila siku', akacheka mpaka basi, eti kumbe imekupenda, afu akanisahihisha niseme inazimika. Kipi sahihi? Na kasema nimpelekee kompyuta nzima, sasa ingekuwa nzima ningempelekea ya nini?"

Marahaba dada yangu. Hujakosea hata chembe, na fundi mwambie mimi ndo nimesema. Kilichomchekesha ni kwamba mtaani kuzimia imeshakuwa kupenda, kijana anakwambia "yule binti namzimia", nayo ni kama imechukuliwa kwenye kuzimia ya kuzirai, yani anamuona tu fahamu zinampotea. Ya kwako ni nyingine. Ya kwako ni zima imeongezewa ile i ya kutendea, ile ile inayoifanya kufa ikawa kufia. Mtu akisema mbuzi amekufa katoa habari tu, akisema mbuzi amenifia hapo unajua na hasara imemwangukia nani, na ndo tunavyosema kila siku bila kufikiri, umeme umenikatikia, bando limeniishia, pikipiki imeniharibikia njiani. Sasa kompyuta inanizimia ni kwamba inazima na anayeumia ni mimi, mteja kasimama dirishani anasubiri barua yake ya kuombea kazi, kurasa mbili zimeshaandikwa na sikusevu. Yote hayo yamebebwa na irabu moja, unaikataaje irabu kama hiyo?

(Bibi yangu mimi angesema "yanizimia", kwa ile a ya "waja leo waondoka leo", tamu sana masikioni ila ukiiandika kwenye meseji mtu wa bara atadhani unazungumzia makompyuta mengi.)

Tuje kwenye inazima na inazimika. Ukifuata sarufi ya darasani zima inataka kitu cha kuzimwa, unazima taa, unazima moto, na taa yenyewe inazimika. Lakini tembea kutoka Chumbageni mpaka Ngamiani usikilize, taa imezima, simu imezima, hamna anayehangaika na ka. Kwenye mtihani andika imezimika, kwenye stori sema unavyosema, mimi kwa hilo sigombani na mtu.

Nitakapogombana ni hapa: kwa fundi, yale maneno mnayoyachanganya kila moja lina ugonjwa wake, na fundi aliyekusahihisha useme inazimika kakunyima neno ambalo lingemsaidia yeye mwenyewe. Imezimika haina mtendaji, kitu kilikuwa kinawaka sasa hakiwaki, basi, na kwenye kompyuta mimi ningeliweka pale umeme unapopotea njiani, waya umelegea, soketi mbovu, au pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, imechoka haiwezi tena mzigo. Inajizima ni habari nyingine, pale mtendaji yupo na ni mashine yenyewe. Na kweli inafanya hivyo, prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ikipata joto kupita kiwango chake inakata yenyewe isije ikaungua, haiagi, haitoi ujumbe, kioo cheusi. Vumbi limeziba feni, au ule uji wa kijivu unaopakwa juu ya prosesa umekauka, na kwa joto letu la huku mwezi wa pili wala usishangae. Dalili yake ni kwamba ukiiacha ipoe inakaa muda, ukiiwasha hapo hapo ingali ya moto inakata mapema zaidi. Hii haihusiani na kujizima data, ile ni ya binadamu anayejifanya haelewi wakati anaelewa vizuri kabisa.

Afu kuna inajiwasha upya. Hii wengi wanaiita kuzima na ndo inayopoteza watu, kwa sababu Windows, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, ikipata hitilafu kubwa inaleta kile kioo cha bluu chenye maandishi (kwenye Windows 11 za karibuni kimekuwa cheusi, ila maandishi yapo), na kwa kawaida imepangwa ijiwashe yenyewe baada ya hapo, kwa hiyo wewe umegeuka kumpa mtu chenji ukirudi unaikuta inaanza mwanzo, unasema imezima. Haikuzima, ilianguka ikanyanyuka, na sababu mara nyingi ni draiva mbovu, yani kiprogramu kinachoiongoza Windows kutumia kifaa fulani, au rami, ile kadi ya kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi wanaichomoa wanaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli na kuirudisha, na mara nyingine inapona kweli, maana upepo wa bahari na chumvi yake haviachi chuma salama. Siku ikitokea tena piga picha kile kioo kwa simu.

Kuganda ni picha ipo lakini haitikisiki, kama mafuta ya nazi mwezi wa saba. Vijana wanasema imestaki, sina shida nalo, ila jamani isiandikwe imeshtaki, kompyuta haijampeleka mtu polisi.

Kinachonifurahisha ni kwamba hata mashine yenyewe ina tatizo la sarufi kama letu. Fundi akifungua kumbukumbu za Windows atakuta tukio namba 41 la Kernel-Power, na wapo wanaoliona wakadhani wameshamkamata mchawi, kumbe linasema tu kwamba kompyuta imewaka na mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Nani kazima, umeme, joto au mtu kachomoa waya, lenyewe halijui. Ni imezimika ile ile, mtendaji hayupo.

Kwa hiyo dada, meseji yako ningeibakiza na kuiongezea tu, kama ndivyo inavyofanya: "Kompyuta inanizimia, inajizima ghafla baada ya kama nusu saa, kioo cheusi, haileti maandishi, nikiiacha ipoe inakubali." Au kama ni kile kioo chenye maandishi, sema hivyo. Hapo fundi anajua aanze na feni au aanze na rami, na huenda hata asikimbilie kukupigia windo upya, yani kufuta Windows na kuiweka tena, maana hilo ndo jibu lao la kila kitu na faili za wateja wako zitaenda na maji.

Na hiyo nzima. Neno moja lina kazi mbili, lisilo bovu na lisilopungua, na hapo wewe umeshika la kwanza yeye kasema la pili. Mgonjwa wa malaria akiamka anaulizwa "u mzima?", na mkate ambao haujakatwa nao ni mzima. Fundi anataka uje na boksi, kioo na nyaya zake zote, sio boksi peke yake. Na kwa hili namuunga mkono, hasa ule waya wa umeme usiuache, maana akitumia wa kwake na kompyuta ikakaa kutwa bila kuzima, atakurudishia akisema haina tatizo, kumbe tatizo umeliacha Makorora limechomekwa ukutani.