Jukwaa ni la mkandarasi mkuu, mafundi ni wangu: nani anawajibika?

Swali: Nina kampuni ndogo ya kupiga plasta. Jukwaa la mabomba tunalopanda kufanyia kazi limejengwa na mkandarasi mkuu, na mkataba unasema usalama wa eneo lote ni wake. Mkaguzi amekuta bomba moja la kinga, la kuzuia mtu asianguke, halipo, kosa akaniandikia mimi. Ni sawa kweli? Na ninatakiwa nikague nini?

Jibu: Ni sawa. Mkataba wenu unagawanya kazi na gharama kati yenu wawili. Haumwondolei mwajiri wajibu kwa watu anaowalipa. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unalisema hilo kwenye ibara ya 8: mkandarasi mkuu anaratibu hatua za usalama, lakini kila mwajiri anabaki na wajibu kwa wafanyakazi walio chini yake. Ukimpandisha fundi juu ya jukwaa, umeshalikubali lilivyo.

Ukaguzi uanzie chini. Kila nguzo ikae kwenye kitako cha chuma, na penye udongo kitako kikae juu ya ubao mpana. Tofali halifai, hupasuka, nguzo ikazama. Juu, mbao za kukanyagia ziwe zimejaa bila mapengo, bomba la kinga la juu liwe kama mita 1 kutoka ubaoni, la kati liwepo, na ubao wa pembeni wa kuzuia vitu visidondoke uwe na kimo cha sentimita 15. Ngazi ifungwe, izidi sakafu ya jukwaa kwa mita 1.

Ila kwa watu wa plasta, balaa kubwa ni vifungo vya ukutani, yaani mabomba yanayolishikiza jukwaa kwenye jengo. Fundi anafika pale bomba linaposhika ukuta, linamzuia kuvuta rula, analegeza klampu akisema atairudisha. Zikifunguliwa mbili tatu, hakuna tena kinacholishikiza jukwaa kwenye jengo, na likiwa limezungushiwa turubai hubeba upepo kama tanga. Fundi wako asifungue chochote. Aitwe aliyelifunga, aweke kifungo kipya pembeni kwanza, ndipo cha zamani kitoke.

Uzito nao husahaulika. Majukwaa mengi ya kazi za kawaida hukadiriwa kubeba kilo 200 kwa mita mraba. Sehemu ya mita 2 kwa 1 ni kilo 400. Mifuko 5 ya saruji ya kilo 50 na mafundi wawili wa kilo 80 ni kilo 410, na ndoo ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) bado haijapanda. Mifuko ibaki chini.

Kuhusu karatasi, omba nakala ya ripoti ya ukaguzi inayotaja uzito unaoruhusiwa. Utaratibu uliozoeleka ni kukagua kabla ya matumizi ya kwanza, kila siku 7, na kila baada ya upepo mkali au mabadiliko yoyote. Ukikuta kasoro, shusha watu, zuia ngazi, kisha mwandikie msimamizi ukitaja saa na mahali. Kupiga simu tu hakuachi ushahidi.

Mkataba ujao, dai kifungu kimoja: muda wa kusubiri jukwaa lirekebishwe usihesabiwe kuwa ucheleweshaji wako. Bila hicho, hofu ya kukatwa malipo ndiyo itakayowapandisha mafundi.